Mwongozo Kamili: Kutengeneza TAS Yako ya Kwanza ya Super Mario Bros. Bila Rekodi Kwenda Kombo

Wasomaji wengi wanaonitafuta kuhusu TAS wanalia kilio kimoja. Wamekaa na kompyuta wiki nzima, Mario anakimbia vizuri, anaruka kila bomba. Wakiicheza rekodi tangu mwanzo, anajigonga kwa Goomba wa kwanza, yule adui mdogo anayetembea chini, na kufa. Wanadhani wamekosa kipaji. Sivyo. Karibu kila rekodi niliyoletewa ilivunjika kwa sababu ya mambo yaliyofanywa, au yasiyofanywa, kabla Mario hajapiga hata hatua moja.

Kwa asiyejua, TAS (tool-assisted speedrun) ni uchezaji unaouandika fremu kwa fremu ndani ya programu, kisha emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya michezo ya NES, inaurudia peke yake tangu mashine inapowashwa. Hapa hatushindani kwa wepesi wa vidole. Tunatafuta mpangilio wa vitufe utakaomfikisha Mario mwisho kwa fremu chache kuliko zote. Mwongozo huu unashughulikia ngazi ya 1-1 peke yake, kwa makusudi: Goomba na kobe wa humo hawabahatishi, kwa hiyo kosa likitokea ni lako, na linatafutika.

## Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta yoyote ya Windows. Laptopu ya zamani inatosha. Pedi ya kuchezea huihitaji, kazi yote ni kipanya na kibodi.

FCEUX, toleo la Windows. Ndiyo emuleta yetu. Ni ya bure, na ndani yake mna TAS Editor, dirisha litakalokuwa shamba lako. Emuleta za simu ziache kwa kazi hii.

Nakala ya mchezo inayotokana na kaseti unayoimiliki. Haki za mchezo ni za Nintendo, hivyo sitatoa kiungo chochote. Unahitaji toleo la Japani na Marekani, la NTSC, yaani mfumo wa televisheni wa nchi hizo. Faili lake lenye kichwa cha iNES, yaani maelezo mafupi ya mwanzoni yanayosomwa na emuleta, lina baiti 40,976 kamili.

Daftari. La karatasi au jedwali la kompyuta, hiari yako. Usiliruke. Nitalirudia hadi uchoke, kwa sababu ndilo linalotenganisha wanaomaliza na wanaoachia njiani.

## Maneno matatu kabla ya kuanza

*Fremu* ni picha moja. Mashine ya NTSC huchora takriban 60.1 kwa sekunde, na kwa kawaida mchezo husoma vitufe mara moja kwa kila fremu.

*Fremu kiziwi* ni ile ambayo mchezo haukusoma vitufe kabisa, kwa kuwa ulishughulika na kitu kingine, mathalani kupakia skrini. Wazoefu huiita lagi. TAS Editor huipaka wekundu. Ukibonyeza kitu hapo, umebonyeza hewa.

*Kwenda kombo* ni pale rekodi inapochezwa na mchezo ukatoa matokeo tofauti na uliyoyaona ulipokuwa ukiitengeneza. Vitufe ni vilevile, ila dunia ya mchezo imesogea, hata kwa fremu moja tu.

## Hatua ya 1: Hakiki faili la mchezo

Bofya faili kwa kitufe cha kulia, fungua sifa zake, soma ukubwa. Kama si baiti 40,976, simama hapo.

Wengi wetu tuliujua mchezo huu kupitia zile kaseti za michezo mingi kwa moja. Matoleo ya aina hiyo mara nyingi yamechezewa ndani. Toleo la Ulaya la PAL nalo huenda kwa fremu 50 kwa sekunde, na kasi za Mario zimebadilishwa. Televisheni zetu za analojia zilikuwa za PAL, kwa hiyo kumbukumbu yako ya utotoni kuhusu mwendo wa Mario inaweza kukudanganya. Amini ukubwa wa faili, usiamini jicho.

Umefaulu ukiona: ukubwa umelingana, na mchezo unafunguka hadi skrini ya jina bila michoro iliyoharibika.

## Hatua ya 2: Funga mipangilio, kisha usiiguse tena

Fungua menyu ya Config, uchague NTSC kama eneo. Humohumo amua kama utatumia PPU ya zamani au mpya. Kwa kazi yetu zote zinafaa, ila usibadili katikati. PPU ni sehemu inayochora picha, na namna inavyoigizwa huathiri muda wa ndani wa mchezo. Aliyeanza na moja akamalizia na nyingine amejenga nyumba juu ya viwanja viwili.

Kuna pia mpangilio unaoruhusu kubonyeza kushoto na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo pedi halisi huzuia kwa umbo lake. Watengenezaji wa TAS huutumia. Kwa mara ya kwanza uache umezimwa. Una mengi ya kujifunza bila huo.

Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: toleo la FCEUX, eneo, PPU, tarehe. Mistari minne tu. Siku utakayohamia kompyuta nyingine utaishukuru.

## Hatua ya 3: Anzisha mradi kutoka kuwashwa kwa mashine

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, nami niliangukia hapohapo. Mradi wangu wa kwanza niliuanzisha kwenye hali niliyokuwa nimeihifadhi Mario akiwa tayari amesimama 1-1, kwa sababu nilichoka kungoja skrini ya jina. Wiki tatu za kazi. Faili la ile hali lilipopotea, rekodi ilibaki orodha ya vitufe visivyo na pa kuanzia.

Fungua mchezo, nenda "Tools", chagua "TAS Editor". Mradi mpya huanzia fremu 0, mashine ikiwashwa. Uhifadhi papo hapo kwa jina lenye tarehe. Utapata faili la fm3. Ukipendelea kurekodi kwa njia ya kawaida kupitia menyu ya File, hakikisha sehemu ya kuanzia rekodi inasema "Start". Ikisema "Now", unaanzia katikati.

Kwa nini hili ni zito? Kuna namba za ndani zinazobadilika kila fremu tangu umeme unapowaka, zikiwemo zile ambazo mchezo huzitumia kubahatisha. Rekodi inayoanzia kwenye kuwashwa huwa na dunia ileile kila mara.

Umefaulu ukiona: jedwali refu lenye namba za fremu upande mmoja na safu za vitufe upande mwingine. Fremu ambazo emuleta imekwisha kuzipita zina kijani.

Kijani hicho kina maana. Ukibadili kitufe kwenye fremu 300, kijani cha baada ya 300 hufutika, kwa kuwa yaliyofuata hayana uhakika tena. Usiudhike. Programu inakuambia ukweli.

## Hatua ya 4: Weka macho kwenye kumbukumbu ya mchezo

Jicho haliwezi kutofautisha fremu moja. Namba zinaweza. Fungua "Tools", kisha "RAM Watch", ongeza anwani hizi:

- 0057: kasi ya Mario ya kwenda mbele au nyuma. Isome kama namba yenye alama (signed), yaani inayoweza kuwa hasi.
- 006D: ukurasa alipo. Kila ukurasa una pikseli 256.
- 0086: pikseli alipo ndani ya ukurasa huo.
- 0400: sehemu ya pikseli, yaani kilichobaki baada ya pikseli nzima.
- 00CE: kimo chake kwenye skrini.
- 077F: kihesabu cha kanuni ya fremu 21. Tutakifikia.

Mahali kamili alipo Mario ni 006D mara 256, jumlisha 0086. Kasi ya juu ya kukimbia ni 40, ambayo ni pikseli 2.5 kwa fremu. Kutembea bila B, kitufe cha kukimbia, ni 24. Ukizikariri 40 na 24 unaweza kusoma rekodi ya mtu mwingine kama unavyosoma gazeti.

Umefaulu ukiona: unamsogeza Mario kulia na 0057 inapanda, unamrudisha kushoto na inakuwa hasi.

## Hatua ya 5: Itafute fremu ya kwanza ya Start

Kabla skrini ya jina haijawa tayari, kubonyeza Start hakufanyi kitu. Lazima uitafute fremu ya kwanza inayosikia.

Weka Start kwenye fremu moja ambayo una hakika inafanya kazi, tuseme skrini imekwisha kutulia. Ifute, iweke fremu kumi nyuma. Ikikubali, rudi kumi tena. Ikikataa, songa mbele moja moja hadi ikubali. Hiyo ndiyo yako. Iandike daftarini.

Tabia hii ya kurudi kumi na kusonga moja utaitumia kwa kila kitu katika TAS: kuruka, kuingia bomba, hata kungoja.

Onyo: weka Start kwenye fremu moja tu. Ukiiacha imebonyezwa mstari mrefu, huoni tena ni fremu ipi iliyofanya kazi.

## Hatua ya 6: Fika 40, ubaki 40

Skrini nyeusi ya WORLD 1-1 ikipita, Mario anasimama. Kwenye jedwali, chora R (kulia) na B kwa mfululizo kuanzia kabla hajatokea, ili fremu ya kwanza atakayoweza kusogea imkute tayari anasukumwa. Angalia 0057. Itapanda karibu moja kwa kila fremu na kufika 40 kabla ya sekunde moja kwisha.

Kuanzia hapo sheria yako ni moja: 0057 isishuke chini ya 40 hadi uingie bomba. Ikishuka umegonga kitu, au R au B imekatika mahali. Rudi nyuma urekebishe kabla ya kuendelea.

Wanaoanza huogopa kuruka, wakidhani kukaa hewani kunapunguza mwendo. Ukiruka na 40 huku umeshikilia R, unabaki na 40. Kuruka hakukugharimu chochote. Kinachogharimu ni ukuta.

Kuna kosa la A, kitufe cha kuruka, linalowasumbua sana. Mchezo humrusha Mario pale A inapobonyezwa upya. Ukiichora mfululizo kutoka mruko mmoja hadi mwingine, mruko wa pili hautokei. Acha angalau fremu moja tupu kati yao. Na jinsi unavyoishikilia A kwa muda zaidi ndivyo anavyokwenda juu zaidi, kwa hiyo mbele ya Goomba fremu chache zinatosha, ila bomba refu linataka nyingi.

Jinsi ya kulinganisha majaribio mawili: usiseme "hili limeonekana la kasi". Chagua fremu moja, kwa mfano 400, uandike 006D, 0086 na 0400 kwa kila jaribio. Aliye mbele kwa pikseli yuko mbele. Pikseli zikilingana, 0400 ndiyo itakayoamua.

## Hatua ya 7: Bomba la nne

Bomba la nne la 1-1 linashuka kwenye chumba cha sarafu, na kutoka humo unaibukia karibu na mwisho wa ngazi. Ndiyo njia fupi.

Mchezo unataka mambo mawili kwa pamoja: Mario awe amekanyaga juu ya bomba kwa miguu yote miwili, mmoja kwenye kila nusu ya mdomo wake, na kitufe cha chini kiwe kimebonyezwa. Hauhitaji asimame. Kwa pikseli 2.5 kwa fremu, nafasi ya kukubaliwa ni ya fremu chache tu. Mtu mwenye pedi hapa anahangaika. Wewe una anasa ya kuzijaribu zote.

Tafuta mruko unaomtua juu ya bomba mapema kadiri iwezekanavyo, kisha jaribu D (chini) kwenye kila fremu baada ya kutua. Ikiwa hakuna hata moja inayokubali, ametua pembeni mno, hivyo sogeza mwanzo wa mruko kwa fremu moja. Mimi mara nyingi hubadili mruko wa bomba la tatu badala ya huu wa nne, ili afike akiwa na mpangilio mwingine wa pikseli.

Ndani ya chumba achana na sarafu. Kimbia kulia hadi mdomo wa bomba la pembeni, uingie.

Umefaulu ukiona: Mario anazama bombani bila 0057 kuwa imeshuka kabla ya fremu ya kuingia.

## Hatua ya 8: Kanuni ya fremu 21

Hapa ndipo watu wanapopoteza siku nzima kwa kazi isiyolipa.

Mchezo una saa ya ndani kwenye 077F. Inahesabu kutoka 20 kushuka hadi 0, kisha inaanza upya: hatua 21, kama theluthi moja ya sekunde. Vipindi vya kungoja kati ya ngazi huhesabiwa kwa mzunguko huo. Ifikirie kama pantoni ya Kigamboni. Ukifika gatini mapema kidogo au ukifika inapokaribia kung'oa nanga, mnavuka pamoja na mnashuka pamoja. Ukichelewa kidogo tu baada ya kuondoka, unangoja inayofuata.

Maana yake ni kwamba kuokoa fremu 5 ndani ya 1-1 kunaweza kusikuletee hata fremu moja kwenye 1-2. Na kupoteza fremu moja kunaweza kukugharimu 21.

Fanya jaribio hili, litakufundisha kuliko maelezo yangu:

1. Maliza ngazi kama ulivyo. Andika fremu ambayo skrini ya WORLD 1-2 inatokea kwa mara ya kwanza.
2. Ingiza fremu moja tupu mahali fulani kabla ya bendera. Maliza tena, andika.
3. Ongeza ya pili, ya tatu, endelea.

Fremu ya kutokea kwa 1-2 itabaki palepale kwa muda, halafu itaruka 21 kwa mkupuo. Idadi ya fremu ulizopoteza kabla ya mruko huo ndiyo akiba yako. Ukiwa na akiba ya 15, unahitaji kuokoa 6 zaidi ili upande pantoni ya kabla. Ukiwa na akiba ya 2, ni 19, na hapo jiulize kwa uaminifu kama zipo. Bila namba hiyo unafanya kazi gizani.

## Hatua ya 9: Bendera na fataki

Tarakimu ya mwisho ya saa ya mchezo Mario anapogusa mlingoti ikiwa 1, 3 au 6, fataki hurushwa kwa idadi hiyo. Zinapendeza, lakini zinakula muda. Zikwepe.

Kila tarakimu ya saa hiyo hukaa fremu 24. Kama umeangukia kwenye 6 mwanzoni mwake, jaribu kufika mapema kidogo. Kama ni mwishoni, tumia akiba uliyoihesabu katika Hatua ya 8 kuchelewa hadi ifike 5. Na kama uliona fataki wakati wa jaribio lile, matokeo ya mstari huo yafute.

Utasikia habari za ujanja wa kumpenyeza Mario kwenye tofali la chini ya mlingoti ili bendera isishuke. Upo, unaokoa pantoni nzima, na unahitaji usahihi wa pikseli na sehemu za pikseli. Maliza toleo la kawaida kwanza. Nimeona wengi walioanza na huo wakaacha TAS kabisa.

## Hatua ya 10: Kata mkia, hamisha, hakiki

Urefu wa rekodi huhesabiwa hadi kitufe cha mwisho kilichobonyezwa. Tafuta fremu ambayo Mario hahitaji tena kusukumwa, ufute R na B zote zinazofuata. Hakikisha bado anaingia ngomeni.

Kisha hamisha mradi kuwa fm2 kupitia menyu ya File ya TAS Editor. Ni maandishi matupu. Mstari mmoja wa fremu ya kukimbia unaonekana hivi:

`|0|R.....B.|........||`

Hata mchezo mzima kwa njia za mkato haufiki megabaiti moja, kwa hiyo unaweza kumtumia mwenzako kwa WhatsApp kama waraka.

Sasa hakiki. Funga FCEUX kabisa, ifungue upya, pakia mchezo, cheza fm2 bila kugusa kitu. Fanya hivyo mara tatu. Ya nne iwe kwenye kompyuta nyingine yenye toleo lilelile.

Umefaulu ukiona: mara zote nne, WORLD 1-2 inatokea kwenye fremu ileile uliyoiandika. Si "karibu". Ileile.

## Ikienda kombo

Usianze upya. Fungua daftari.

Tangu Hatua ya 6 unatakiwa kuwa na vituo: kila baada ya fremu 100 hivi, 006D, 0086 na 0057 zimeandikwa. Cheza rekodi, usimame kwenye kila kituo, ulinganishe. Kituo cha kwanza kinachotofautiana kinakuambia ugonjwa uko kati yake na kilichotangulia. Tafuta humo tu.

Tofauti ikianza kabla ya fremu 100, kosa ni la faili la mchezo, eneo, PPU au mahali pa kuanzia. Rudi Hatua ya 1 hadi 3. Ikianza mbali zaidi, mara nyingi umebadili kitufe nyuma na hukuupitisha mchezo tena hadi mwisho baada ya hapo. Kijani kilikuonyesha, hukukitazama.

## Unapoionyesha kwa watu

Andika neno TAS kwenye jina la video, mwanzoni kabisa. Anayekimbiza mchezo kwa mikono yake ametoa jasho la aina nyingine, na kuiacha rekodi ya fremu kwa fremu ionekane kama ya mikono ni kumwibia. Hili silipunguzii uzito.

Tovuti ya TASVideos hupokea michezo iliyokamilika, kwa hiyo 1-1 peke yake ni zoezi. Lakini pakua huko fm2 ya mtengenezaji wa TAS aitwaye HappyLee, ya mwaka 2011, iliyomaliza mchezo kwa njia za mkato kwa dakika 4 na sekunde 57.31, uicheze RAM Watch ikiwa wazi. Isimamishe kila 0057 inapotoka kwenye 40, ujiulize kwa nini aliruhusu.

Njia hiyo ina ngazi nane: 1-1, 1-2, 4-1, 4-2, kisha 8-1 hadi 8-4. Saba za kwanza zote zinafungwa na fremu 21, na akiba utazihesabu kama ulivyofanya hapa. Ya nane ni tofauti. 8-4 inaishia Mario anapogusa shoka, hakuna pantoni ya kungoja, na kila fremu unayoiokoa humo inabaki kwako.